Tupeane uzoefu: kanuni mbili za bei zikigongana kwenye oda moja, mfumo wako unafuata ipi?

Wakuu salaam. Naanza na langu.

Mteja wa jumla kanipigia, anataka kujua bei ya kwenye ankara yake imetokea wapi. Bidhaa ni 1,000. Yeye ana punguzo lake la kudumu la asilimia 10, na wiki ile bidhaa ilikuwa kwenye ofa ya asilimia 15. Kichwani mwake alishajumlisha, akategemea 750. Bosi wangu naye anasema ofa kubwa inameza ndogo, kwa hiyo ni 850. Ankara inasoma 765.

Nikashika kikokotoo na kuanza kuisaka hiyo 765 huku nimeshaamini mfumo umeharibika. Kumbe umekata 10 kwenye 1,000 ikabaki 900, halafu ukakata 15 kwenye ile 900. Tiki ya kuruhusu kanuni zaidi ya moja zifanye kazi kwa pamoja niliiweka mwenyewe miezi kadhaa nyuma, nikaisahau. Mteja nilimwelewesha akaelewa. Bosi bado.

Wenye kushinda na hizi programu za mauzo, mwageni yenu.

StooYaNyuma: Mkuu, wewe angalau ulikosea kwa tiki. Mimi nilikosea kwa namba. Natumia ERPNext, kanuni ya bei ina sehemu ya kipaumbele, unachagua 1 hadi 20. Nikaipa ofa niliyoitaka itangulie namba 1, maana kwa akili ya kawaida namba moja ndiye wa kwanza. Ile nyingine nikaipa 5. Mle ndani namba kubwa ndiyo yenye nguvu, kwa hiyo 5 ikawa inaipiku 1 kila oda. Na ukiacha wazi inahesabika sifuri, iko chini ya zote. Nimeandika kwa kalamu nyekundu nikabandika kwenye kioo cha kompyuta: KUBWA NDIYO KUBWA.

Mkokotoaji: 😂😂 Hiyo kalamu nyekundu!
Sisi tuko Odoo, na kwenye orodha ya bei hakuna namba ya kupanga. Mfumo unaangalia kanuni ipi imelenga karibu zaidi: kwanza aina mahususi ya bidhaa (rangi fulani, saizi fulani), halafu bidhaa yenyewe, halafu kundi lake, mwisho bidhaa zote. Zikiwa ngazi moja, inayomtaka mteja anunue idadi kubwa zaidi ndiyo inajaribiwa kwanza.
Ilivyotuchoma: tulitangaza asilimia 20 kwa kundi zima. Bidhaa moja ya kundi hilo ilikuwa na kanuni yake ya zamani ya asilimia 5. Mfumo ukaikuta ile ya bidhaa, ukaishia hapo. Hauulizi ipi inampa mteja nafuu. Wateja waliosoma tangazo walikuja juu, na walikuwa na haki.

MzeeWaAnkara: Vijana, nyie bado. Kwenye SAP kuna mpangilio wa utafutaji: mfumo unaanza na bei ya mteja huyu kwa bidhaa hii, ukikosa unashuka kwenye orodha ya bei, ukikosa unashuka kwenye bei ya bidhaa kwa wote. Ndivyo ilivyo kwetu, kila kampuni inapanga yake. Ukipata juu, hauteremki tena.
Sasa sikilizeni. Tulipandisha bei ya bidhaa, kila mteja akaanza kulipa mpya isipokuwa mmoja. Nikafungua uchambuzi wa bei kwenye mstari wa oda. (Mkitumia SAP jifunzeni hicho kioo kabla ya kitu kingine chochote, kinaonyesha kila hatua, kilichopatikana na kilichorukwa.) Nikaikuta bei maalumu ya yule mteja, iliyowekwa na mtu aliyeshaacha kazi. Mwisho wa matumizi: 31.12.9999. Hiyo tarehe mfumo huijaza wenyewe usipoandika yako. Ingedumu kuliko sisi wote.

MgeniJukwaani: Kwa hiyo mzee si bora mfumo uchague tu ya chini kabisa, yaishe?

Sifuri_Moja: Mgeni, karibu. Sisi tuko Business Central, nayo inafanya hivyohivyo, kati ya bei zinazohusika siku hiyo inachukua ya chini. Raha tupu, mpaka mtu aandike 120 badala ya 1,200. Kule kwa wenzetu, kosa kama hilo linaweza kufunikwa na kanuni iliyo juu yake. Kwetu ndilo linaloshinda! Tuliliona baada ya oda nne, zote za mteja mmoja. Hakupiga simu kuuliza chochote, na mimi simlaumu.

Mkokotoaji: Anayeuziwa rahisi hapigi simu.

StooYaNyuma: Swali kwa wote. Ukisharekebisha kanuni, oda zilizokwisha kuandikwa zinabadilika zenyewe?

Mkokotoaji: Kwa Odoo hapana mkuu, mstari unabaki na bei uliyoingia nayo. Ukibadilisha orodha ya bei kwenye oda ambayo haijathibitishwa, kinatokea kitufe cha kusasisha bei, ukibonyeza inahesabu upya. Ila kama kuna bei uliyomkubalia mteja ukaiandika kwa mkono, inakwenda na maji. Inakili pembeni kwanza.

MgeniJukwaani: Nami niko Odoo. Hicho kitufe nimekibonyeza dakika tano zilizopita, kabla sijasoma hapa. Ngoja nimtafute mtu wa mauzo.