Maduka matatu bosi mmoja: kila kitu kipite kwangu au kila tawi lijiamulie?

mzee_wa_nondo: Wakuu habari za saa hizi. Nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, oda napiga mimi, bei natoa mimi, masapulaya wote wako kwenye simu yangu. Dogo ananiambia niwaachie wasimamizi waamue wenyewe, sasa nikiachia naona nitapigwa, nisipoachia siku nikilazwa hospitali maduka yanafungwa. Nyie mnafanyaje?

Nyakato boy: Usiachie mkuu. Ukimpa kijana uhuru wa bei kesho shemeji yake anabeba saruji kwa bei ya kununulia. Mimi kila kitu kinapita kwangu na nalala usingizi

binti_mahesabu: Unalala mpaka siku simu iibiwe. Angalieni kampuni za simu, Nokia na Ericsson, Machi 2000 radi iliwasha moto kiwanda cha Philips kule Albuquerque, Marekani, moto wenyewe ulizimwa fasta ila chipu za simu zikaharibika, na wateja wakaambiwa mzigo utachelewa kama wiki moja tu. Nokia habari ikapanda juu haraka, wakawa wanawapigia Philips kila siku huku wanatafuta chipu kwingine. Ericsson habari ikalala kwa watu wa chini, wakubwa wanashtuka wiki zimepita na chipu hiyo hawana pengine pa kuitoa. Hasara karibu dola milioni 400, na 2001 simu zao wakaungana na Sony.

Fundi Sanifu: Na Toyota 1997, kiwanda cha Aisin kiliungua, ndio kilikuwa kinatoa karibu vali zote za breki zao. Aisin wakagawa michoro kwa viwanda vingine, hadi Brother wa cherehani wakachonga vali, kama wiki hivi magari yakaanza kutoka tena. Sasa michoro ingekuwa kichwani kwa mzee mmoja aliyelazwa?

mzee_wa_nondo: Mimi michoro yangu ni ipi sasa, nauza nondo tu

binti_mahesabu: Nani anakupa mzigo kwa mali kauli, nani ukichelewa kumlipa hasumbui, fundi gani unamdai. Andika kwenye kauntabuku, kopi kila tawi. Bei ya kununulia baki nayo wewe na shemeji, yaani mkeo. Msimamizi mpe kikomo cha punguzo, akitaka kuzidisha akupigie

Nyakato boy: Shemeji akijua bei ya kununulia ndo utapigwa vizuri 😂

mzee_wa_nondo: Kikomo niweke ngapi?

Fundi Sanifu: Saruji usimpe hata mia, faida yenyewe hakuna. Rangi na vitasa ndo umwachie apambane na wateja