Meli ya utalii inaondoka Durban Ijumaa: tufike siku moja kabla au siku hiyo hiyo, tukitokea Dodoma?

Mkazi wa Ilazo

Habari za jioni wadau. Naomba ushauri kabla hatujalipia ndege, maana hapa nyumbani tumegawanyika.

Tumelipia meli ya utalii ya usiku tatu. Inaondoka Durban Ijumaa, katikati ya Desemba, inakwenda Pomene kule Msumbiji na kurudi Durban Jumatatu asubuhi. Tuko wanne: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa miaka 9, na mama mkwe ambaye ana miaka 68 na ni mtu wa presha. Karatasi ya meli inasema kuondoka ni saa 10 jioni, mwisho wa kupanda saa 8:30 mchana.

Mpango wa mume wangu ni huu: Alhamisi tushuke Dar kwa SGR, tulale Dar, Ijumaa saa 1 asubuhi turuke kwenda Johannesburg. Tunafika saa 3:30 asubuhi kwa saa za huko, saa 5:30 tunapanda ndege ya Durban, saa 6:30 mchana tuko chini. Anasema muda upo tele na hoteli ya Durban mwezi wa Desemba ni kutupa hela. Mimi nataka tulale Durban Alhamisi. Nani ana hoja? Na je, kwa mtu anayetokea Dodoma siku moja inatosha?

---

Reli na Anga

Dada, hoja ni yako. Tuweke hesabu ili shemeji aione mwenyewe.

Pale Johannesburg hizo saa mbili si saa mbili. Ndiyo mlango wenu wa kuingia Afrika Kusini, kwa hiyo uhamiaji mnagongewa pale, si Durban. Baada ya hapo mnachukua mabegi kwenye mkanda, hata kama lebo imeandikwa Durban, mnapita forodha, ndipo mnayakabidhi upya upande wa ndege za ndani. Kaunta za ndege za ndani kwa kawaida hufunga kupokea mizigo dakika 40 kabla ya kuruka. Toa 40 kwenye 120, mnabaki na dakika 80. Foleni ya uhamiaji Desemba ikila 50, mabegi yakachelewa 25, mmebakiwa na dakika 5 za kutembea na bibi wa miaka 68. Na hapo ndege ya kutoka Dar imefika kwa wakati.

Upande wa Durban nako: kutua saa 6:30, mabegi mkononi saa 7:05 hivi. Uwanja wa King Shaka uko La Mercy, kama kilomita 35 kaskazini mwa jiji, na meli iko kwenye jengo la abiria la Nelson Mandela, kule Point, karibu na mdomo wa bandari. Barabara ikiwa wazi ni dakika 40, ila ni Ijumaa ya Desemba, watu wa bara wote wanateremka pwani. Mnafika saa 8 kasoro, foleni ya mabegi na karatasi inawasubiri. Yaani mpango mzima una nafasi ya nusu saa kutoka Dar mpaka ngazi ya meli.

Shemeji asihesabu ile saa 10 jioni. Saa 8:30 ndiyo mwisho. Mlango ukifungwa majina ya abiria yanakuwa yameshakwenda kwa mamlaka za bandari na uhamiaji, hivyo hata mkiiona meli bado imefungwa kamba gatini, hakuna wa kuwaongeza kwenye orodha.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni hali ya hewa. Msimu wa meli hizi Durban ni kiangazi chao, takriban Novemba hadi Machi, na huo huo ndio msimu wa ngurumo za mchana Johannesburg. Radi zikikaribia uwanja, wafanyakazi wa chini wanaondolewa kwenye maegesho ya ndege: hakuna kupakia, hakuna kushusha, hakuna mafuta. Ndege inaweza kuwa imeshatua na abiria mkakaa ndani mnaangalia mvua. Dhoruba hizi nyingi ni za mchana na jioni. Asubuhi huwa kumetulia. Ndege yenu ya saa 5:30 haiko pabaya sana, lakini mkiikosa, zinazofuata ndizo zinaangukia kwenye muda wa radi.

---

Mdau wa Nkuhungu

Naongezea kwa nini "tukiikosa tutaifuata mbele" haipo kwa safari hii. Meli ikishika bandari kubwa keshoyake, mtu anaweza kununua tiketi ya ndege akaikutia. Pomene ni ufukwe wa mkoa wa Inhambane. Hakuna gati la meli kubwa: inakaa mbali, abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Hamuwezi kujitokeza pale mchangani na mabegi mkaomba kupandishwa. Na safari yenyewe ni usiku tatu. Mkiikosa Ijumaa, mmeikosa yote, na nauli ya meli kwa kawaida hairudishwi kwa aliyechelewa mwenyewe.

Hata kama ndege zinanunuliwa kupitia kampuni ya meli, msisome hapo kwamba meli itawasubiri. Maana yake ni kwamba wao ndio watakaohangaika kuwatafutia njia, na kwa Pomene njia yenyewe haipo.

Sasa kuhusu Dodoma. Angalieni mnavyotumia usiku wenu. Ndege ya saa 1 asubuhi inawataka uwanjani Dar saa 10 alfajiri, kwa hiyo usiku wa Dar ni lazima mnunue kwenye mpango wa shemeji. Huo usiku unawakinga na treni kuchelewa tu, haugusi Johannesburg wala barabara ya Durban, ambako ndiko hatari ilipo. Kama bajeti ina usiku mmoja tu, ununuliwe Durban, si Dar.

Namna ya kufanya: tafuteni ndege ya Alhamisi inayotoka Dar mchana, mshuke kwa SGR Jumatano jioni mlale Dar kwa ndugu (familia nyingi za Dodoma hazikosi pa kufikia Dar). Alhamisi jioni mko Durban, Ijumaa mnaamka taratibu, bibi anakunywa chai na dawa zake, saa 5 mnaelekea bandarini. Kama Dar hakuna wa kuwapokea, treni ya kwanza ya Alhamisi na ndege ya mchana inawezekana, mradi kati ya kufika kwa treni na kuruka kwa ndege ziwe saa 6. Hapo mkiharibikiwa, mmeharibikiwa Alhamisi, na bado Ijumaa asubuhi ipo ya kurekebishia.

Kitu kidogo kinachookoa muda: treni inayosimama Pugu iwashushe Pugu, msiende mpaka stesheni ya Magufuli halafu mrudi na barabara ya Nyerere. Pugu ni karibu zaidi na uwanja wa Julius Nyerere. Hakikisheni kwenye tiketi, maana treni za haraka hazisimami kila kituo.

---

Mkazi wa Ilazo

Asanteni sana, nimemsomea mume wangu, ameanza kulegea. Anauliza: kwa nini tusiende na basi Jumatano usiku tuokoe hela? Na je, kulala Johannesburg Alhamisi karibu na uwanja, kisha kuchukua ndege ya kwanza Ijumaa, si sawa na kulala Durban? Bei za Johannesburg anaziona chini.

---

Reli na Anga

Basi: kwa siku za kawaida halina ubaya. Lakini Desemba mvua za kanda ya kati zimeshaanza, na barabara yetu ya Morogoro haina njia ya pili iliyo karibu. Machi 2020 maji yalisomba kalavati la Kiyegeya pale Gairo, mawasiliano ya Dodoma na Morogoro yakakatika. Likitokea hilo hakuna mchepuko mfupi. Treni nayo ni ya umeme, gridi ikitetereka inasimama. Kwa hiyo lolote mtakalopanda, liwe na pengo la usiku au la saa 6 kabla ya ndege. Mimi ningechukua treni kwa ajili ya bibi tu: saa nne hivi dhidi ya saa nane au tisa za kukaa kitini na miguu inavimba.

Kulala Johannesburg: inakubalika, na si wazo baya. Asubuhi huwa kumetulia kama nilivyosema, uhamiaji na mabegi mmeshamaliza jana yake, na ndege za Johannesburg kwenda Durban ni nyingi, mwendo wa saa moja tu. Masharti yangu ni mawili. Kwanza, iwe ndege ya kwanza au ya pili ya asubuhi, si ya saa 4 "ili tulale vizuri". Pili, mjue njia ya dharura: barabara ya N3 kutoka Johannesburg hadi Durban ni kama kilomita 570, saa sita za gari bila msongamano. Ndege ya saa 12 asubuhi ikifutwa na mkaambiwa mapema, gari bado linaweza kuwafikisha kabla ya saa 8:30, ila Ijumaa ya Desemba ni kamari. Ya saa 4 ikifutwa, gari haliwasaidii tena.

Bado nasema Durban. Na kwa pa kulala angalieni Umhlanga, ipo kati ya uwanja na jiji, ila siku hizo zinazunguka sikukuu yao ya tarehe 16 Desemba na vyumba huisha. Chumba kishikwe leo, chenye ruhusa ya kufuta bila faini, hata kabla ya kukubaliana nyumbani.

---

Karatasi Kwanza, Makole

Mmeongea saa na barabara, hakuna aliyeuliza pasipoti, na watu wengi wanaorudishwa kaunta wanarudishwa kwa karatasi. Hii nayo ni sababu ya kufika siku moja kabla: tatizo la karatasi Alhamisi linaweza kutatuliwa, Ijumaa saa 8 mchana halitatuliki.

Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi Afrika Kusini wala Msumbiji. Lakini hesabu mihuri: mnaingia Afrika Kusini, mnatoka kwa meli, mnaweza kugongewa Msumbiji, mnaingia tena Durban, mnatoka tena kurudi nyumbani. Pasipoti yenye ukurasa mmoja mtupu haitoshi. Muwe na kurasa tupu 3 au 4 kila mtu, na uhai wa miezi 6 kuhesabia siku ya kurudi, maana kampuni za meli huwa kali kuliko uhamiaji kwenye hilo.

Kadi ya manjano ya homa ya manjano beba kwa wote wanne, asije afisa wa kaunta akaitaka mkaanza kubishana. Chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa wiki ya safari ni kazi bure. Iliyochomwa zamani haijafa: tangu Julai 2016 cheti kinadumu maisha. Mama mkwe akiwa na umri huo na hajawahi kuchanjwa, aonwe na daktari kwanza, kwa sababu kuanzia miaka 60 hatari ya madhara ya chanjo hii huongezeka na daktari ndiye anayepima.

Mtoto: cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, hata kama mnasafiri naye pamoja. Angalieni majina ya kwenye pasipoti na tiketi ya meli yalingane herufi kwa herufi. Mama aliyeandikishwa kwa jina la ubini upande mmoja na la mume upande mwingine ndiye anayesimamishwa pembeni.

Dawa za presha: begi la mkononi, kwenye pakiti zake za asili, na cheti cha daktari chenye jina la dawa, za siku 4 zaidi ya safari. Bandarini mabegi makubwa mnayakabidhi nje na yanaletwa mlangoni mwa chumba, mara nyingine jioni kabisa. Dawa ikiwa humo, bibi atakosa dozi. Lebo za mabegi mnapewa mtandaoni mkishajisajili: zichapisheni hapa hapa Dodoma, mzikunje, mzifunge kwa plasta pana na stepla kwenye mshikio. Pasi ya kunyooshea nguo na heater ya kuchemshia maji msibebe, zinakamatwa kwa sababu ya moto, na begi linazuiliwa mpaka mwenyewe aitwe akalifungue.

---

Mdau wa Nkuhungu

Hapo kwenye saa, dada: Durban wako nyuma yetu saa moja. Tiketi ya meli ikisema 14:30 ni saa 8:30 mchana ya huko, wakati Dodoma ni saa 9:30. Mume wako ameandika sawa, lakini simu ya bibi kama haibadilishi saa yenyewe ibadilisheni uwanjani. Kukosea upande wa kwenda hakudhuru, mtawahi tu. Kurudi ndiko kubaya: mkitua Dar na simu ya Durban mtafika stesheni treni imeshaondoka saa moja iliyopita.

---

Mkazi wa Ilazo

Tumekubaliana: treni Jumatano, kulala kwa shangazi Tabata, ndege Alhamisi mchana, kulala Umhlanga. La mwisho kabla sijalipia: kurudi Jumatatu, ndege ya kutoka Durban saa 4:30 asubuhi inafaa? Meli inafunga saa 1 asubuhi.

---

Reli na Anga

Haifai. Kufunga kamba si kushuka. Mamlaka zinaiachia meli kwanza, watu wanaitwa kwa makundi, halafu kuna uhamiaji tena kwa sababu mmetoka nje ya nchi. Upepo mkali ukivuma, Durban inasimamisha kuingiza meli na mnasubiri nje ya mdomo wa bandari. Chukua ya saa 8 mchana au baadaye, zote mbili, Durban na Johannesburg, kwenye booking moja, ili mkichelewa ya kwanza shirika liwapangie ya pili. Hiyo itawafikisha Dar usiku, kwa hiyo treni ya Dodoma ikatwe ya Jumanne mchana.