Stainer kwa Ijumaa Kuu: kwaya ya watu 18, hatuna ogani

Alto_Umoja: Wanakwaya, hamjambo. Tuko 18 (soprano 8, alto 5, tenori 2, besi 3) na tunataka kuimba "God so loved the world" ya John Stainer. Huyu mzee kipofu alikuwa nani? Tunaruhusiwa kutoa kopi? Na tukiiimba kwa Kiswahili? Tuna kibodi tu.

Pedali32: Kipofu hakuwa. Unamchanganya labda na Alfred Hollins, mpiga ogani Mwingereza aliyezaliwa bila kuona. Stainer alipoteza jicho la kushoto utotoni, basi. Alizaliwa London 1840, akaimba kwaya ya watoto ya kanisa kuu la St Paul's. Mwaka 1857, hajafika hata miaka 18, Frederick Ouseley, mwanzilishi wa chuo cha muziki wa kanisa cha Tenbury, alimpa kazi ya kupiga ogani hapo. Akaenda Magdalen College, Oxford, 1860, kisha akarudi St Paul's kama mpiga ogani mkuu 1872. Macho yalipozidi kudhoofika akajiuzulu 1888. Alifariki Verona, Italia, 1901.

Wimbo wenu ni kipande cha The Crucifixion, kazi yake ndefu ya kwaya kuhusu mateso ya Yesu, iliyoimbwa mara ya kwanza 1887 katika kanisa la parokia la Marylebone, London. Aliiandikia kwaya ya parokia, ndiyo maana nyinyi pia mnaiweza.

Kopi: Kenya hulinda kazi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo muziki wenyewe ni huru. Ila toleo lililopangwa upya na mtu aliye hai si huru. Tafuteni skani ya chapa ya zamani.

SolfaTu: Kiswahili msijaribu hapo. "God so loved the world" ni silabi 5. "Mungu alipenda" tayari ni 6, na ulimwengu hujaufikia. Tena kirai chake kinatua kwenye silabi nzito, na neno letu huishia kwenye silabi nyepesi, kwa hiyo mkazo utaangukia pabaya. Imbeni Kiingereza, muweke Yohana 3:16 ya Kiswahili kwenye karatasi ya ibada.

Kibodi wala haihitajiki, wimbo huu hauna ogani. Do (noti ya kwanza ya ngazi) ni G. Tatizo lenu litakuwa kushuka: noti zinazorudiwa huzama kidogo kidogo, na mi (noti ya tatu) ikiimbwa chini inavuta wote. Piga G kwenye kibodi mwishoni mwa kila ukurasa mkifanya mazoezi, mjue mnapoangukia. Sauti zikizidi kushuka, anzieni A-flati. Nusu toni tu, lakini mara nyingi hutosha.

Alto_Umoja: Na tenori wawili watatosha?

SolfaTu: Alto mmoja mwenye sauti nzito ahamie tenori. Soprano 8 waimbe kwa nusu ya nguvu, la sivyo hata alto hawatasikika.

Pedali32: Kama mnataka Kiswahili lazima, chukueni tuni yake Cross of Jesus, mizani 8.7.8.7 (idadi ya silabi katika kila mstari). Humo maneno ya tenzi nyingi yanaingia bila kulazimishwa, na kibodi itapata kazi: besi mkono wa kushoto, oktavu moja chini.