Tupeane uzoefu: jioni ya Wigilia mezani kwa Wapolandi

Ndugu zangu, nimeishi Kraków kwa miaka minne, na ningependa tusimuliane kuhusu Wigilia, yaani mlo wa jioni ya tarehe 24 Desemba, ambao Wapolandi wengi huuthamini kuliko hata sikukuu yenyewe ya Krismasi. Mwaka wangu wa kwanza, mama mwenye nyumba alibisha hodi akanikataza kabisa kula peke yangu usiku ule. Nilikuta watoto wamesimama dirishani wakisubiri nyota ya kwanza, kwa maana kabla haijaonekana hakuna anayeketi. Chini ya kitambaa cheupe cha meza palikuwa na nyasi kavu, ukumbusho wa hori la Bethlehemu. Nilipohesabu sahani niliona moja imezidi, nikadhani ndiyo yangu. Kumbe yangu ilikwisha kupangwa miongoni mwa zile za wanafamilia, na ile ya ziada ni ya mgeni asiyetarajiwa. Mama huyo aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye huiona pia kuwa ya marehemu mumewe. Je, wenzangu mlipokewaje?

Kutoka Wrocław
Mimi kilichonigusa ni opłatek, kaki nyembamba ya unga wa ngano na maji, yenye picha za Kuzaliwa kwa Yesu. Kabla ya kula, kila mtu humwendea mwenzake, humega kipande cha kaki yake, na kumtakia heri ana kwa ana. Niliwaona mashemeji wawili, ambao najua hawakuwa wakisemeshana tangu kiangazi, wakimegeana huku wakilia. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha jioni nzima.

Kutoka Warsaw
Niongezee ya chakula. Kwa desturi huandaliwa aina 12, kwa idadi ya Mitume, wala hakuna nyama: supu nyekundu ya bitiruti, pierogi (vifurushi vidogo vya unga uliokandwa) za kabichi na uyoga, na samaki aitwaye karp. Baba mkwe wangu alinipa gamba la samaki huyo niliweke kwenye pochi ili fedha zisinipungukie mwaka mzima, na bado ninalo.

Kutoka Arusha
Sijawahi kufika Polandi, ila naishi karibu na Tengeru, ambako kuanzia mwaka 1942 waliishi maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu Siberia na kuvuka Uajemi kabla ya kufika kwetu. Makaburi yao bado yanatunzwa. Desemba ya mwaka juzi nilimkuta hapo mgeni mzee akimega kaki kama hiyo mbele ya kaburi moja. Aliponiona alinipa nusu bila kuniuliza jina. Nilimtakia heri kwa Kiswahili, naye akaitikia, "Asante sana," maneno aliyofundishwa na mama yake, aliyekulia kambini hapo.