Draiva ya chipu ya usimbaji: selftesti zimepita, nipitishe?

mkaguzi_mgeni:
Wadau habari zenu, nimepewa kukagua pachi (mabadiliko ya kodi) ya draiva ya Linux, chipu inafanya AES (njia ya kusimba data) kwenye hadiwea. Upande wa kriptografia naelewa ila mambo ya DMA (chipu kusoma na kuandika memori yenyewe bila kupitia CPU) yananichanganya kweli. Mwandishi anasema selftesti zote (testi za kerneli yenyewe) zimepita, je inatosha? Sitaki kupitisha kitu kitakachovujisha funguo za watu.

baiti_kwa_baiti:
Haitoshi mkuu. Muulize kama aliwasha na zile testi za ziada, maana hizo ndo zinarusha data ya kubahatisha iliyokatwa vipande vya saizi za ajabu halafu zinalinganisha jibu na AES ya programu tupu.

Ila mimi huwa naenda moja kwa moja kwenye CBC, ile namna ambayo kila bloku inaunganishwa na iliyotangulia. Kazi ikiisha draiva lazima iache bloku ya mwisho ya data iliyosimbwa ndani ya req->iv, yaani sehemu ya ombi inayobeba IV (thamani ya kuanzia), ili ombi linalofuata lianzie hapo. Sasa kwenye kusimbua, kama bafa ya kuingia na ya kutoka ni moja, chipu inaandika juu ya hiyo bloku, kwa hiyo baiti 16 za mwisho zinakopiwa KABLA ya kuiwasha chipu. Akikopi baadaye anabeba data iliyoshasimbuliwa, ombi la kwanza linatoka safi kabisa halafu linalofuata kwenye mnyororo linaharibika baiti 16 za mwanzo tu, utaitafuta hiyo bagi mpaka uchoke.

kerneli_usiku:
Kwenye DMA angalia kama kuna IV au ufunguo umekaa kwenye staki (memori ya muda ya funksheni), tangu kerneli 4.9 mwaka 2016 staki inaweza kuwa kwenye vmalloc (memori ambayo kurasa zake halisi huenda hazifuatani) kwa hiyo kuimapu kwa DMA ni kosa. Pia dma_unmap_sg (inayoanmapu, yaani kuondoa bafa kwenye DMA kazi ikiisha) inapewa idadi ya vipande ile ile uliyoipa dma_map_sg, sio iliyorudishwa, hapa wengi wanateleza. Washa CONFIG_DMA_API_DEBUG (chaguo la kerneli linalokagua matumizi ya DMA) uone itakavyolalamika.

mkaguzi_mgeni:
Asanteni sana. Nimeona kwenye njia ya makosa anarudi bila kuanmapu bafa ya pili. Na ufunguo anaufuta kwa memset (kujaza sifuri) kisha kfree (kuachia memori), iko sawa hiyo?

baiti_kwa_baiti:
Hapana, kompaila ikiona bafa haisomwi tena ina haki ya kuiondoa hiyo memset. Aweke kfree_sensitive, na kwa vya kwenye staki memzero_explicit, hizo kompaila haiziondoi. Halafu kagua rejista za ufunguo ndani ya chipu yenyewe, kuna draiva zinaruka kupakia ufunguo upya ili kuokoa muda, sasa ombi la mtu mwingine likiingia katikati anasimbiwa kwa ufunguo usio wake, hilo kwangu ni la kukataa pachi hapo hapo.

kerneli_usiku:
Na chipu ikiganda je? Kama hakuna taimauti inayomrudishia mwombaji kosa, atasubiri milele. Hilo nalo liandike kwenye komenti zako, mwandishi arudi na v2 (toleo la pili la pachi).