Kuondoa kutu kwa umeme kwenye jiriwa na randa za zamani

Mrithi wa Seremala (Tanga)

Ndugu zangu, salaam. Marehemu baba alikuwa seremala hapa Tanga, na vifaa vyake vimekaa miaka mingi katika banda linalopigwa na upepo wa bahari. Nimekuta jiriwa (kile kibano cha kushikia kazi) ya chuma cha kusubu ambayo haizunguki tena, randa mbili za chuma, patasi kadhaa na pasi ya mkaa, vyote vikiwa vimevaa kutu nene. Sitaki kuvipeleka vikasagwe kwa mashine, kwa sababu jiriwa ina maandishi ya kiwanda yaliyoinuka ubavuni, na randa ikisagwa hovyo upande wa chini hupoteza unyoofu wake na haipigi tena ubao inavyotakiwa.

Nimesoma kwamba kutu inaweza kuondolewa nyumbani kwa elektrolisisi, yaani kwa kupitisha umeme wa betri ndani ya maji yenye magadi. Nina chaja ya betri ya gari ya volti 12, ndoo kubwa ya plastiki na vipande vya nondo. Naomba kuelezwa waya upi unafungwa wapi, kama magadi ya sokoni yanafaa, na kama ni kweli kwamba njia hii haili chuma kizima kilicho chini ya kutu. Chaja yangu ni ya kisasa. Nikiiunganisha inawasha taa nyekundu tu na hakuna povu lolote linalotokea.

Fundi wa Mji Kasoro Bahari

Ndugu, Mungu amrehemu mzee wako. Nitaanza na swali lako la mwisho. Kifaa kikifungwa upande hasi wa umeme, chuma chake kizima hakiyeyuki, kwa kuwa upande huo hupokea elektroni. Maji huvunjika juu ya uso wake na kutoa mapovu ya hidrojeni yanayolegeza kutu, na sehemu ya kutu yenyewe hugeuka kuwa oksaidi nyeusi inayobanduka kwa brashi. Siki, ndimu na ukwaju hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa: tindikali yake huyeyusha kutu, lakini vikisahaulika humo huanza kula na chuma chenyewe. Kwa kitu chenye maandishi kama jiriwa yako, mimi ningechagua umeme bila kusita. Hata hivyo, usitarajie kwamba chuma kilichokwisha kuliwa kitarudi. Mashimo yaliyochimbwa na kutu yatabaki.

Kwa hiyo waya hasi, ule mweusi, unafungwa kwenye jiriwa, na waya chanya, ule mwekundu, kwenye nondo. Ukivigeuza, jiriwa ndiyo itakayoliwa, kwa hiyo hakikisha kila mara kabla ya kuwasha. Kwangua sehemu ndogo ya kifaa hadi chuma king'ae, kisha ubane waya hapo, maana kutu haipitishi umeme vizuri. Osha grisi yote kwanza. Umeme hufanya kazi zaidi upande unaotazamana na nondo, hivyo ni afadhali kusimamisha nondo nne kuzunguka ndoo na kuziunganisha kwa waya mmoja, kuliko kuweka moja halafu ukawa unageuzageuza kifaa. Nondo zisikiguse kifaa, na kibano cha waya chanya kibaki juu ya maji, la sivyo shaba yake itayeyuka.

Kijiko kimoja cha mezani cha soda, yaani magadi yaliyosafishwa (kaboneti ya sodiamu), kwa kila lita 4 za maji kinatosha. Kwa patasi au randa, ampea 1 hadi 2 zinatosha pia. Kuongeza umeme mwingi huchemsha maji tu bila kuharakisha kazi sana. Acha kwa saa kadhaa au usiku kucha, zima umeme kabla ya kutia mkono, sugua kwa brashi, kisha urudishe ikiwa kutu bado ipo. Soda haiishi, ongeza maji tu yanapopungua.

Jambo ambalo sitachoka kulirudia ni hili: upande wa chanya usiweke kamwe chuma kisichoshika kutu, kama vile kijiko au sufuria inayong'aa, hata kama umeambiwa kwamba hudumu kuliko nondo. Kromiamu iliyomo hutoka na kuingia majini ikiwa katika hali ya sumu inayosababisha saratani, na maji hugeuka rangi ya njano. Usiweke pia bati au bomba lililopakwa zinki. Fanyia kazi nje au mahali penye hewa nyingi, mbali na moto na sigara, kwa kuwa hidrojeni hulipuka.

Kuhusu chaja, nyingi za kisasa hupima kwanza kama zimeunganishwa na betri, na zisipoiona hazitoi umeme. Tumia betri ya gari yenyewe ikupe umeme, ukiwa umeweka fyuzi kwenye waya, kisha chaja iichaji betri hiyo.

Mkaazi wa Likoni

Nakubaliana na fundi, ila suala la magadi linahitaji uangalifu zaidi. Magadi ghafi yanayotoka Ziwa Magadi huku Kenya au Ziwa Natron kwenu yana kaboneti ya sodiamu ndani yake, nayo ndiyo tunayoitaka, lakini mara nyingi yamechanganyika na chumvi ya kawaida. Ziwa Magadi limekuwa likitoa soda na chumvi pamoja. Chumvi kwenye ndoo hii haifai hata kidogo, kwa sababu upande wa chanya inaweza kutoa gesi ya klorini, na mabaki yake kwenye chuma hurudisha kutu haraka.

Tafuta soda iliyosafishwa, ile inayouzwa kwa watengenezaji wa sabuni na kwa wenye mabwawa ya kuogelea. Ukiikosa, nunua beking soda dukani na uikaange kwenye sufuria kavu ya chuma kwa moto wa wastani, ukiikoroga mpaka iache kutoa mvuke. Joto huigeuza kuwa kaboneti: gramu 100 hubaki takriban gramu 63, na kupima uzito ndiyo njia nzuri ya kujua kama imeiva. Usiishike kwa mkono mtupu, kwani huwasha ngozi.

Mrithi wa Seremala (Tanga)

Ahsanteni sana. Je, pasi ya mkaa na randa zinaweza kuingia nzima? Pasi ina mpini wa mbao na kitasa cha shaba. Na jiriwa haitoshi kwenye ndoo.

Fundi wa Mji Kasoro Bahari

Hapana, zifungue kwanza. Mbao hunyonya soda na kuharibika, na alumini huliwa na maji haya hata pasipo umeme, kwa hiyo chunguza kama kuna kipande chake popote. Shaba nayo iondoe. Springi usizitie, kwa kuwa hidrojeni huingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla. Hizo zisugue kwa mkono. Ujue pia kwamba rangi ya zamani ya jiriwa huenda ikabanduka.

Jiriwa unaweza kuizamisha nusu, kisha ukaigeuza siku inayofuata. Njia nyingine ni kuchimba shimo na kulitandika nailoni nzito isiyotoboka.

Msomaji wa Pangani

Kwa sisi ambao umeme hukatika, paneli ya sola ya wati 50 inaweza kuunganishwa moja kwa moja bila betri, nayo hutoa karibu ampea 3 jua likiwa kali.

Ningependa kuongeza jambo moja kuhusu hewa yetu ya pwani. Chuma kilichotoka kwenye ndoo kiko uchi, na huanza kupata wekundu ndani ya dakika chache. Kisuuze kwa maji ya moto, kikaushe papo hapo juani au karibu na jiko, na ukipake mafuta ya mashine kikiwa bado na uvuguvugu, mpaka kwenye nyuzi za skrubu ya jiriwa. Maji ya ndoo usiyamwage shambani, kwa sababu soda huharibu udongo.