Barbara Castle na Hola: huyu mbunge wa Uingereza alikuwa mtu wa aina gani?

Kijana_wa_Bondeni (Nakuru): Habarini wadau. Marehemu babu yangu aliwekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari ya enzi za Mau Mau, na kila tukiongea mambo ya kambi ya Hola alikuwa lazima amtaje yule mama wa Bunge la London. Nimekuja kujua ni Barbara Castle. Sasa mbunge wa Blackburn, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza, alijisumbulia nini na watu wa huku ambao hata kura hawampigii? Na kuna kingine alifanya ama ni hiyo tu?

Nyalenda_Damu (Kisumu): Ndugu, huyo alikaa bungeni 1945 mpaka 1979, na Kenya hakuanza nayo Hola. 1955 alikuja mwenyewe kufuatilia kesi ya Kamau Kichina, aliyepigwa na polisi mpaka akafa. Halafu 3 Machi 1959 ikafika Hola, wafungwa wanakataa kazi ya kulazimishwa, askari wanawapiga, 11 wanakufa, na serikali inatoa taarifa ati ni maji walikunywa! Castle na wenzake wa chama cha Labour wakakaa ngumu, wakauliza na kuuliza tena, mpaka mjadala wa Julai ukaenda usiku wa manane na Enoch Powell wa chama tawala akasimama akakosoa upande wake mwenyewe. Waziri hata mmoja hakujiuzulu, hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo. Lakini yote iliandikwa, hakuna mtu anaweza sema haikutokea.

Dere_wa_Salgaa: Mimi namjua kwa barabara. Alipokuwa Waziri wa Uchukuzi ndiye alileta kile kipimo cha pombe 1967, hii sisi tunaita alkoblo, na akafanya mwisho wa spidi wa maili 70 kwa saa uwe wa kudumu. Walevi na wenye baa walimtukana sana, akatishiwa hata kuuawa, na mwaka wa kwanza vifo vikapungua zaidi ya 1,000. Na hakuwa anajua kuendesha gari! Mtu ameona ajali za Sachangwan hawezi chukulia hiyo kazi poa.

Mama_Lurambi (Kakamega): Msisahau wanawake jamani. 1968 mafundi wa kushona viti vya gari kiwanda cha Ford pale Dagenham waligoma, akakaa nao chini, na 1970 akapitisha sheria ya mshahara sawa kwa kazi sawa. Baadaye akafanya pesa ya watoto ilipwe mama moja kwa moja, si kupitia mshahara wa baba. Hiyo mimi naona ni kubwa kuliko yote, mama akishika hela mtoto anakula.

Nyalenda_Damu: Kweli dada, lakini 1969 alitaka kubana vyama vya wafanyakazi na sheria ya migomo, wakamkatalia mpaka akarudi nyuma. Hapo mimi siko naye. Waziri mkuu Callaghan naye akamtoa kwa baraza la mawaziri 1976, na bado hakunyamaza, hata uzeeni alikuwa anapigania pensheni mpaka akafa 2002.

Kijana_wa_Bondeni: Asanteni sana. Huo mjadala wa Hola unaweza kusomwa wapi?

Nyalenda_Damu: Hansadi ya Bunge la Uingereza, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, iko kwa intaneti bure. Tafuta 27 Julai 1959, usome na hotuba ya Powell yote.